Mgeni kaniandikia "half seven next Friday, until four". Nimfuate saa ngapi, na siku gani?

NahodhaGhuba
Jumanne, saa 3:40 usiku

Wakuu, habari za usiku. Mimi ni mtu wa boti hapa Mwanza, naegesha Capripoint. Boti ya mbao, turubai la kivuli, injini ya farasi 15. Nazungusha wageni: Mwamba wa Bismarck kwa upande wa maji, machweo, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, karibu kila mgeni anataka apite chini yake simu ikiwa juu.

Kiingereza nilikiokota kazini. Darasani niliishia kidato cha pili. Samaki nawataja wote, ndege wengi, na kuhusu haya mawe yetu naweza kumpigia mgeni stori mpaka akasahau kupiga picha. Panaponishinda ni mahali pamoja tu: muda na umbali. Akianza "how long", "how far", "by", "until", "for", "since", mimi naitikia "yes" kila mahali. Na hizo "yes" zimeshanila.

Mwezi uliopita injini ilikuwa kwa fundi. Mgeni akauliza itakuwa tayari lini, nikamwandikia: "I repair the engine until Friday." Kichwani kwangu ilikuwa wazi kabisa, hadi Ijumaa iwe imepona. Akajibu kwamba pole sana, wao Ijumaa wanaondoka. Injini ikatoka Jumatano asubuhi. Jumatano na Alhamisi nimekaa kwenye boti inayonguruma vizuri, nawatazama wageni wangu wakipita na boti ya mwenzangu, na mama ananipungia mkono.

Nyingine. Mama mmoja wa Kiingereza, tumekaa gatini tunamsubiri mumewe, kaniuliza "How long are you here for?" Nikajibu kwa kujidai: "Nine years!" Alicheka mpaka akashika nguzo. Nami nikacheka, sijui tunacheka nini.

Sasa leo jioni nimepata huu ujumbe, naunakili kama ulivyo:

"Hello! We arrived on Sunday and we're here for a fortnight. Is the new bridge far, and how long does it take by boat? Could you pick us up at half seven next Friday? We'd need you until four. Please let us know by Thursday."

"Fort" naijua, ngome. "Night" ni usiku. Nikadhani wanalala ngomeni, labda kuna hoteli mpya sijaisikia. "Half seven": seven ni saa moja, sawa, lakini hiyo nusu iko upande upi? Saa moja na nusu, au saa moja kasoro nusu saa, yaani saa kumi na mbili na nusu? Na "next Friday" ni hii ya mtondo au ya wiki ijayo? Nisaidieni, sitaki kuitikia "yes" tena.

Dogo_Mabatini
Jumanne, saa 3:52 usiku

Mkuu rahisi. Nenda saa kumi na moja alfajiri, lala kwenye boti, wakifika wamefika.

NahodhaGhuba
Jumanne, saa 3:55 usiku

Ijumaa zote mbili?

Dogo_Mabatini
Jumanne, saa 3:56 usiku

Zote. Na mbu juu yako.

MpasiansiUghaibuni
Jumanne, saa 4:30 usiku

Mwangaluka nahodha. Nimekulia Pasiansi, sasa huu ni mwaka wa kumi na mbili niko Leeds, Uingereza, naendesha basi la abiria. Kwa hiyo saa ndiyo kazi yangu, nikichelewa dakika nne kuna mtu anaandika barua.

"Half seven" ni saa moja na nusu, basi. Neno "past" limemezwa, kwa maandishi rasmi wataandika "half past seven", mdomoni hubaki "half seven". Kwa Mwingereza nusu huwa baada ya saa iliyotajwa, haiwi kabla. Hofu yako lakini si ya kijinga, maana Mjerumani ndivyo anavyohesabu: kwake "halb sieben" ni saa kumi na mbili na nusu, nusu ya kuiendea saba. Hapa karakana kwetu kuna fundi Mjerumani, wiki yake ya kwanza akiambiwa "half" fulani anafika saa nzima kabla ya wenzake na kukuta geti limefungwa. Kwa hiyo mgeni akikwambia "half" jambo la kwanza ujue katokea wapi.

Kama ni asubuhi au usiku ujumbe umeshakwambia. Mtu anayekuachia saa kumi jioni hawezi kuwa ameanza saa moja na nusu usiku.

"Fortnight" haina ngome. Ni "fourteen nights" ya zamani iliyosagika mdomoni, usiku kumi na nne, wiki mbili. Huku hata kukusanya taka ni kwa "fortnight". Mmarekani hulisikia neno hilo nadra, yeye atakwambia "two weeks".

Kwenye "next Friday" ndipo nakuomba usimwamini mtu yeyote, nami nikiwemo. Wengi wa huku iliyo karibu wanaiita "this Friday", na "next Friday" ni ya wiki inayofuata. Lakini wapo ambao "next" kwao ni inayokuja tu, iliyo mbele ya pua. Nimeona watu wawili, wote wamezaliwa mtaa mmoja, wakigombana kwa sababu hiyo kwenye orodha ya zamu. Na wageni wako wamefika Jumapili, wana wiki mbili, maana yake Ijumaa zote mbili bado watakuwa Mwanza. Muulize tarehe.

Halafu kitu kimoja hujakiuliza: wakikutajia umbali, watakutajia kwa maili. Barabara za huku vibao vyote ni maili, na vile vya karibu ni yadi. Petroli wanauza kwa lita, lakini safari yenyewe wanaihesabu kwa maili. Maili moja ni kilomita 1.6.

NahodhaGhuba
Jumanne, saa 4:47 usiku

Moja nukta sita!

Kaka, umenifumbua. Kuna jamaa alinielekeza mwalo mmoja kwa upande wa Igombe, anapajua, kaniambia "about ten miles". Maili nalijua neno, bibi yangu alilitumia, lakini mimi nikajua ni kilomita kwa jina la kizamani. Nikapima mafuta ya kilomita kumi kwenda na kumi kurudi, na lita mbili za akiba. Tulifika. Kurudi, taa za Kirumba tunaziona, injini ikakohoa mara tatu ikanyamaza. Tulipiga kafi mimi na mgeni. Alikuwa anajua kupiga kafi kuliko mimi, na hakulalamika hata kidogo, ndicho kilichoniuma zaidi. Siku zote nimemlaumu fundi wa kabureta.

Mwl_Nyakato
Jumatano, saa 11:20 asubuhi

Kaka nahodha, nafundisha Kiingereza sekondari huku Nyakato, naandika kabla daladala halijajaa, nivumilie.

Lile la injini. Unalaumu Kiingereza chako, kumbe kilichokuponza ni Kiswahili chako kizuri. Sisi tuna "hadi" na "mpaka", na zinabeba mizigo miwili. "Nitakaa hadi Ijumaa": nakaa, nakaa, nakaa, Ijumaa naacha. "Hadi Ijumaa iwe imepona": hapo Ijumaa ni ukomo, inaweza kupona hata leo. Mwingereza hiyo mizigo kaigawa. Ya kwanza ni "until", ya pili ni "by". Ulipoandika "until Friday" mgeni alikuona umeinamia injini mchana kutwa, spana mkononi, Jumatano, Alhamisi, mpaka Ijumaa. Ulitakiwa kusema "The engine will be ready by Friday."

Darasani nawaambia wajaribu "kufikia". Kama "kufikia Ijumaa" inakaa vizuri kwenye sentensi yako, chukua "by". Ikigoma, chukua "until". Jaribu kwenye ujumbe wako: "let us know by Thursday", tujulishe kufikia Alhamisi, inakaa. Hata ukijibu leo ni sawa. "We'd need you until four", tutakuhitaji kufikia saa kumi? Haikai. Ni muda wote, bila kukatika, hadi saa kumi. Kwa hiyo wanakodi siku, na bei iwe ya siku. Usije ukawashusha darajani ukaenda kubeba abiria wengine.

Yule mama wa nguzo. "How long are you here for?" inaangalia mbele: utakaa hapa hadi lini. Alitaka kujua kama una haraka, mumewe anachelewa. Wewe ukamwambia unasubiri miaka tisa. Nami ningecheka. Ya kuangalia nyuma ni "How long have you been here?", na hapo ndipo miaka tisa yako ilipokuwa na nafasi. Kwetu "Uko hapa kwa muda gani?" inaweza kuwa yoyote kati ya hizo, tunajuana kwa sura ya anayeuliza.

Na hapohapo kuna kosa ambalo nimelisahihisha mara nyingi kuliko lolote tangu nianze kushika chaki. Mwanafunzi anaandika "I am in this school since 2023." Ukimrudisha kwenye Kiswahili, yuko sahihi kabisa: nipo shule hii tangu 2023. Sisi kama jambo linaendelea tunalisema kwa wakati uliopo, kwa nini tuhangaike. Kiingereza hakikubali. Kama lilianza zamani na bado lipo, kinataka "have been": "I have been here since 2023." Au kwa kuhesabu, "for three years". "Since" inashika ulipoanzia, siku, mwaka, saa, tukio. "For" inashika kiasi, kilo ngapi za muda. Wewe sema "I have been on this boat for nine years", au taja mwaka ulioanza, kwa "since".

Tumefika Mabatini, konda anadai. Umbali nitaandika mchana.

MapokeziKirumba
Jumatano, saa 2:15 asubuhi

Mwalimu akirudi naomba na "in two hours". Niko mapokezi hoteli moja ndogo huku Kirumba. Mgeni alitoka kaniambia "I'll be back in two hours." Nikaelewa ndani ya saa mbili, wakati wowote. Akaja mtu wake, nikamwambia kaa hapo kaka, anaweza kuingia sasa hivi. Yule kaka alikaa kwenye kiti cha mlangoni saa mbili kasoro dakika tano, anaitazama milango kila ikifunguliwa. Mgeni aliingia kwa saa yake, dakika haikupungua.

MpasiansiUghaibuni
Jumatano, saa 3:02 asubuhi

Dada, "in two hours" ni saa mbili zikiisha. Ndani ya saa mbili ni "within". Mtu wa huku akikwambia "in two hours" ameshaangalia saa yake. Akikwambia "in a minute" ndio usimsubiri.

FundiNyavu
Jumatano, saa 5:30 asubuhi

Vijana, hamjambo. Mimi nashona nyavu Kirumba, karibu na Mwaloni, kwa miaka ambayo sitawatajia kwa Kiingereza. Nimesoma maili na yadi nikacheka. Vipimo vya Mwingereza ni mwili wa mtu, kama vyetu. Futi ni mguu. Na pima yetu, hii ya kunyoosha mikono miwili kidole cha huku mpaka kidole cha kule, wanayo pia, wanaiita "fathom", futi sita. Padri mmoja aliyekuwa anapenda kuvua alinieleza kwamba neno lao la kale lilikuwa na maana ya mikono iliyonyooshwa kukumbatia.

Sisi pima moja ni dhiraa nne, ya kiwiko mpaka ncha ya kidole. Dhiraa ni shibiri mbili. Wari ni dhiraa mbili, nayo ndiyo yadi yao, au karibu yake. Ukitupa nanga kwa kamba ya pima kumi umemwambia Mwingereza "ten fathoms" na hamjadanganyana, ila kama mikono yako ni mifupi. Mimi ni mfupi. Wateja wa kamba wanajua, wanakuja na mtoto wao mrefu apime yeye.

Nyavu tu ndiyo wametuzidi. Jicho la wavu tunataja kwa inchi, inchi sita, inchi saba, na samaki kwa sentimita, sangara chini ya 50 ukikamatwa naye ni kesi. Kipimo cha mwili hakiendi mahakamani.

Na padri alinipa lingine: "I can't fathom it." Yaani kamba imeisha na chini hajagusa. Hajaelewa.

NahodhaGhuba
Jumatano, saa 5:48 asubuhi

Shikamoo mzee. Hilo la mwisho nalichukua, nitalitumia kwenye ujumbe wa huyu mgeni.

FundiNyavu
Jumatano, saa 5:50 asubuhi

Marahaba. Usilitumie kwenye bei.

Mwl_Nyakato
Jumatano, saa 8:10 mchana

Nimerudi, kipindi cha saa nane kimechukuliwa na Hisabati.

Mzee, shikamoo. Umenikumbusha kitu nilichotaka kuanzia. Watu wetu umbali tunaupima kwa mwendo. Waliotafsiri Injili ya Luka kwenye Biblia ya Kiswahili ya zamani wameandika Emau iko mbali na Yerusalemu kama "mwendo wa saa mbili". Fungua ya Kiingereza, utakuta idadi ya maili au ya "furlongs", kutegemea tafsiri. Kijiji ni kilekile. Mmoja anakwambia utatembea kiasi gani, mwingine anakwambia kamba ina urefu gani.

Lakini Mwingereza wa mtaani naye hutaja mwendo, kwa namna yake: "It's a ten-minute walk." Dakika kumi kwa miguu. Angalia "minute" haina s. Namba ikitangulia kulieleza jina lingine, inaganda kwenye umoja. "A two-hour trip", "a three-kilometre bridge". Ukimtoa pale mbele, s inarudi: "The trip takes two hours." "The bridge is three kilometres long." Na usiseme "has length of", najua ulimi wako unataka kusema "lina urefu wa". Kwao daraja "ni" kilomita tatu ndefu. Maji yenyewe "is twenty metres deep", barabara "is ten metres wide", na wewe mwenyewe "are" futi tano na kitu "tall".

Hapo kwenye "long" kuna jambo zuri. Sisi tunasema kamba ndefu na muda mrefu, hivyo "long" ya muda haitushangazi. Kinachotushangaza ni kwamba hawapendi "far" kwenye jibu la ndiyo. Swali: "Is it far?" Hapana: "No, it isn't far." Lakini ndiyo: "Yes, it's a long way." Ukisema "Yes, it is far" wataelewa, ila utasikika kama kibao cha barabarani. Muda nao vivyo hivyo: "Did you wait long?" "No, not long." Ila ukiwa umesubiri kweli: "I waited a long time."

Na kaka, ukweli wa daraja usiufiche. Najua sisi wa hapa. Mgeni akiuliza mbali, "hapo tu", kidevu kinanyooka, midomo inaonyesha upande, na hapo tu yenyewe iko Misungwi.

MtuWaBusisi
Jumatano, saa 8:33 mchana

Mwalimu acha kutusema 😂 Sisi wa Sengerema "hapo tu" ilikuwa kweli, tatizo lilikuwa pantoni. Ng'ambo unaiona, mnandi anaondoka kwenye jiwe huku anatua kwenye jiwe kule wewe bado uko foleni na mihogo yako. Mke wangu alijifungua mtoto wa pili tukiwa tumebakiza magari sita mbele yetu. Leo kilomita 3, dereva akienda 60 ni dakika tatu, sijamaliza hata kufungua karanga.

Swali langu: kuna siku mzungu pale kivukoni aliniambia "only three kilometres as the crow flies". Kunguru kafanya nini?

MpasiansiUghaibuni
Jumatano, saa 8:51 mchana

Umbali wa moja kwa moja hewani, bila kona za barabara. Kwa nini wamemchagua kunguru sijaona, wa kwetu Pasiansi alikuwa anapitia kwanza kila jalala. Mnandi wako ndiye angefaa, yule akiondoka hageuki.

Na hiyo ya mkeo kujifungua mkiwa mmebakiza magari sita, huku wangesema mlikosa kuvuka "by a hair's breadth", kwa upana wa unywele. Sisi chupuchupu.

Dogo_Mabatini
Jumatano, saa 8:58 mchana

Magari sita siyo chupuchupu, ile ni foleni.

NahodhaGhuba
Jumatano, saa 1:05 usiku

Wakuu nimekaa nimeandika. Mwalimu naomba usahihishe kabla sijatuma, kesho ndiyo Alhamisi yao:

"Hello. Yes, the bridge is a long way. By boat it takes one hour and half if the lake is calm. The bridge is three kilometres long. I will wait you since 7:30 in the morning and I stay with you until 4. Friday this week or Friday next week? Please tell me the date. After lunch the wind wakes up, so better we go far first and come near later."

Mwl_Nyakato
Jumatano, saa 1:40 usiku

Kaka, "by Thursday" yao umeiwahi, na "a long way" umeipiga sawasawa.

Makubwa matatu tu. "An hour and a half", vyote viwili vinataka kishikizo chake, "an" mbele ya "hour", "a" mbele ya "half". "Wait for you", bila "for" ni kama kumsubiri mtu bila kumwambia. Na "since 7:30" hapana: "since" ni ya jambo lililokwisha kuanza. Hii haijaanza, unasema "from 7:30". Ni tofauti yetu ya tangu na kuanzia. Huwezi kusema "nitakusubiri tangu kesho", mdomo wenyewe unakataa.

"The wind wakes up" si Kiingereza, lakini usiiguse. Iache.

NahodhaGhuba
Alhamisi, saa 12:50 asubuhi

Kajibu usiku uleule. Ijumaa ya wiki ijayo, na tarehe kaweka. Kaandika pia kwamba "the wind wakes up" mkewe kaipenda. Mpasiansi, ya wiki ijayo, ulisema.

Bei ya siku nzima kakubali bila kupunguza. Mafuta nimepiga hesabu kwa kilomita, mara mbili.

NahodhaGhuba
Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa 1:38 asubuhi

Wakuu niko gatini. Walifika saa moja na nusu kamili, nusu ya upande ule mlioniambia. Mzee mwenyewe ni mrefu balaa, kuingia chini ya turubai langu imebidi ajikunje mara mbili. Sasa mama kasahau kofia hotelini, wameshuka wanarudi kuichukua, na mzee kaniambia "We won't be long."

Mwalimu, mtu ana urefu ule anasema hawatakuwa warefu. Ndiyo nini?

Mwl_Nyakato
Ijumaa, saa 1:41 asubuhi

Hawatakawia. Washa injini.